Kibaba cha Kupimia Elimu

Katika masoko yetu ya pwani, kabla mizani za chuma hazijaenea, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na mnunuzi mwenye macho alikitazama kibaba ndani kabla hakijajazwa. Kibaba chenye kitako cha bandia huonekana kimefurika ilhali kimebeba robo tatu tu. Hila hiyo ni kongwe, na ubaya wake umetajwa hata na Kurani, yenye sura iliyopewa jina la wapunjao vipimo, Al-Mutaffifin. Kinachonishughulisha katika kurasa hizi ni kibaba cha aina nyengine, kile tunachowapimia watoto wetu elimu, na swali langu ni hili: je, ni haki kumpima mtu jambo moja kwa kupitia jambo jengine, kisha hukumu ikaandikwa kwa jina la lile la kwanza?

Nitaanzia mbali, maana mambo ya jirani aghalabu hatuyaoni kwa kuyazoea. Mtoto wa Kichina anapomaliza skuli ya kati, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, hufanya mtihani uitwao zhongkao, ambao huamua ataendelea na skuli ipi. Mna karatasi ya Kiingereza humo, na katika majimbo mengi karatasi hiyo hupima sikio na jicho pia. Sauti hupigwa chumbani, watu wawili wakazungumza, mmoja anauliza njia na mwengine anamwelekeza. Mtoto husikiliza, kisha huchagua jibu. Baada ya hapo huja vifungu vya kusoma, na maswali ya kuonesha kama ameelewa. Mtihani huo una makali yake, na sitaki kuusifu kupita kiasi, kwani watoto wengi hukesha na kulia kwa ajili yake. Lakini una unyofu mmoja. Juu ya karatasi pameandikwa Kiingereza, na ndani yake mna Kiingereza. Fizikia na hesabu za mtoto huyohuyo huulizwa kwa Kichina. Akishindwa Kiingereza, huambiwa ameshindwa Kiingereza, wala hakuna anayemwambia kuwa hajui mwanga unavyopinda majini.

Korea Kusini wamekwenda mbali zaidi. Siku ya mtihani wa kuingilia vyuo vikuu, wakati watahiniwa wanapofanya sehemu ya kusikiliza Kiingereza, ndege haziruki wala hazitui kwa muda wa nusu saa na ushei, ili mngurumo usimpoteze mtoto neno moja. Tunaweza kuwacheka kwa kuutukuza mtihani kiasi hicho. Mimi siwacheki. Dola inayosimamisha ndege zake imekiri kwamba kusikia ni jambo linalohitaji haki yake.

Sasa twende Morogoro. Mji umeegemea ubavu wa milima ya Uluguru, na wenyeji wake, Waluguru, kwa jina lao wenyewe ni watu wa milimani. Upande wa magharibi kuna Mgeta, Nyandira na Bunduki. Upande wa mashariki, unaoitazama bahari yetu, kuna Kinole, Tegetero na Matombo. Upande huu wa mashariki hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa sababu ni pepo za kutoka huku kwetu zinazopanda kule na kuumwaga mzigo wao. Kisha maji yale huteremka kwa mto Ruvu, na Dar es Salaam ikanywa. Kwa hiyo tusijidanganye kuwa Uluguru ni nchi ya mbali na pwani. Mvua hiyo ikipiga juu ya paa la bati, mwalimu hunyamaza na kugeukia ubao, maana sauti yake haiwafikii hata waliokaa dawati la mbele. Hakuna anayeisimamisha.

Na wala hapana haja ya kuisimamisha kwa ajili ya mtihani, kwani sikio la mtoto wa Uluguru halikuwekewa alama. Mtihani wa taifa wa Kiingereza wa kidato cha nne kwa miaka mingi umekuwa karatasi moja ya kuandika, ya saa tatu. Muhtasari wa somo ulitaja kusikiliza na kuzungumza, tena ukavitaja mwanzo. Lakini alama zilikwenda kwa kalamu. Basi mtu angedhani kuwa mtoto huyu amepunguziwa mzigo wa Kiingereza akilinganishwa na Mchina. La hasha. Amezidishiwa. Kiingereza kinamngoja katika karatasi ya biolojia, na ya kemia, na ya jiografia, na ya historia, na ya hesabu, na katika zote hizo hakikutajwa jina lake juu ya karatasi.

Tumfikirie mtoto mmoja wa kidato cha nne kutoka Nyandira. Si mtu ninayemjua. Ni mfano, lakini mfano wenye ardhi chini ya miguu yake. Karatasi ya jiografia inamtaka aeleze kwa Kiingereza sababu za mmomonyoko wa udongo katika miteremko, na azipime njia za kuuzuia. Mtoto huyu amekulia juu ya swali hilo. Anajua udongo mweusi hukaa wapi baada ya masika na mwekundu hutokeza wapi. Anajua kwa nini kabichi za shamba la juu ni ndogo kuliko za shamba la chini. Pengine amesikia kwa wazee habari za miaka ya 1950, pale serikali ya kikoloni ilipoleta mpango wa kutunza ardhi ya Uluguru na kuwalazimisha watu kuchimba ngazi kwenye miteremko. Wazee walikataa. Udongo wenye rutuba kule ni mwembamba, na anayechimba ngazi mahali pasipofaa hufukua udongo wa chini usiootesha kitu. Na kule Mgeta watu walikuwa na makinga yao ya asili kabla bwana shamba hajafika. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Yaani katika milima ile, kuzipima njia za kuzuia mmomonyoko ni jambo lililowahi kulipiwa kwa damu.

Mtoto anasoma swali. Neno la udongo analitambua. Mengine yamesimama kama ukuta. Anaandika sentensi mbili alizozihifadhi kutoka katika daftari la notisi, ya kwanza inahusu mmomonyoko na ya pili haihusu; kisha anahesabu dakika. Matokeo yakitoka, jiografia ana F.

Hapo ndipo penye kitako cha bandia. Lau cheti kingesema kwamba mtoto huyu hakuweza kusoma swali la Kiingereza, kingekuwa kimesema kweli, kweli chungu lakini kweli. Kinasema hajui jiografia. Aliyekitoa hajui kama mtoto anajua jiografia au hajui, kwa sababu hakumuuliza. Alimuuliza kitu chengine kwa jina la jiografia. Na athari yake haikomei kwenye karatasi. Mtoto mwenyewe hukiamini cheti. Hurudi Nyandira akiwa amesadiki kuwa hana akili, na wazazi wake husadiki pia. Kupunjwa mchele kunauma kwa siku moja. Huyu amepunjwa dhana yake juu ya nafsi yake, na atakwenda nayo mpaka uzeeni.

Mtu anaweza kunijibu hivi: mbona sisi wa pwani tumewasomesha watoto kwa lugha wasiyoijua karne na karne? Chuoni mtoto huanza na alifu, hufika juzuu ya Amma, hukhitimu Kurani nzima, na Kiarabu hakijui. Ni kweli, na nadhani mfano huo unanisaidia mimi zaidi kuliko unavyomsaidia mpinzani. Mwalimu wa chuo hupima matamshi, hupima vituo, hupima hifadhi. Humsikiliza mtoto herufi kwa herufi, na ulimi ukiteleza huurudisha. Lakini hajapata hata siku moja kumpa mtoto cheti cha kusema kuwa amekijua Kiarabu, au kuwa ameshindwa sheria ya mirathi kwa kuwa hakuitambua ndani ya aya. Zikifika zama za maana, mwalimu hukaa akafasiri, tena kwa Kiswahili. Kila jambo na wakati wake, na kila kipimo na jina lake. Skuli ya sekondari nayo imejaa kisomo cha kuhifadhi, notisi zimekaririwa kwa pumzi moja kama wiridi. Tofauti ni kwamba skuli inadai kuwa hicho ni kuelewa.

Niseme neno kama mfasiri, kwa kuwa hapa ni kazini kwangu. Kiingereza sikufundishwa na mtu. Nilikipata kwa kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, nakala isiyo na jalada, na kwa redio usiku. Baada ya miaka zaidi ya thelathini ninaweza kukaa na shairi la Kiingereza siku tatu, nikalifungua fundo baada ya fundo, na nikatoka na kitu ambacho wajuzi wamekikubali. Shairi hilohilo akilisoma Mwingereza kwa sauti, kwa mwendo wa kwao, nusu yake inanipita kama ndege wa jioni. Jicho huweza kurudi nyuma, sikio haliwezi. Je, nakijua Kiingereza au sikijui? Sina jibu moja, na sidhani kama lipo. Ninajua kukisoma kwa utulivu. Kipimo cha sikio kingeniangusha, kipimo cha jicho kingeniinua, na vyote viwili vingekuwa vya kweli maadamu kila kimoja kimetaja kinachokipima. Ambacho nisingekikubali ni mtu kuchukua kushindwa kwangu kusikia na kuandika juu yake kuwa sijui ushairi.

Wala jambo hili halikufichika kwa wenye mamlaka. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia skuli za msingi kuanzia 1967. Mwaka 1982 tume ya rais chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari, kuanzia 1985, na baadaye vyuo vikuu. Haikuwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Clive Criper na William Dodd, waliupima uwezo wa wanafunzi wetu, na taarifa yao ilisema kuwa ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ndiyo kwanza ianze. Nairudia, kwa sababu ni taarifa ya ajabu: mwishoni mwa safari ya miaka minne, mmoja katika kumi alikuwa amefika mahali pa kuanzia safari. Na bado wakapendekeza kuwa Kiingereza kibaki. Uingereza ikatoa fedha na vitabu vya hadithi vyepesi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekwisha kumvika Shakespeare kanzu ya Kiswahili mara mbili, mwaka huohuo wa 1984 alikitetea Kiingereza kuwa ndicho Kiswahili cha dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtafiti Halima Mwinsheikhe alilinganisha masomo ya sayansi yaliyofundishwa kwa lugha hizi mbili. Ilipokuwa Kiswahili wanafunzi walizungumza, ilipokuwa Kiingereza walinyamaza. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote. Ilipofanyiwa mapitio mwaka 2023, Kiingereza kikabaki sekondari. Nasi wa visiwani tusijione tumeokoka, kwani sera ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilikiteremsha Kiingereza hadi darasa la tano kwa hesabu na sayansi.

Muuza mchele asiyejua kuwa kibaba chake kina kasoro ana udhuru. Aliyekwishapimiwa kibaba chake mbele ya mashahidi mwaka 1984, akaoneshwa kitako, akaendelea kuuzia, udhuru wake ni upi?

Udhuru upo, na si wa kupuuzwa. Morogoro yenyewe inao. Kando ya mji ule kuna Mazimbu. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa amri ya kufundishwa hesabu na maarifa ya jamii kwa Kiafrikaans, na wakapigwa risasi. Wengi walikimbia nchi yao. Tanzania ikakipa chama cha ANC ardhi pale Mazimbu, na mwaka 1978 skuli ikafunguliwa, ikapewa baadaye jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Waliishi pale, wakasoma na kulima chini ya Uluguru, hadi mwaka 1992 walipoyakabidhi majengo yote kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Na lugha ya skuli ile ilikuwa Kiingereza. Mpinzani wangu husema: tazama basi, hata waliomwaga damu kwa ajili ya lugha walikichagua Kiingereza.

Nimelifikiri jibu hili kwa muda mrefu na nadhani lina uzito. Vijana wale walitoka katika Kizulu, Kisotho, Kitswana, Kixhosa. Kiingereza kilikuwa ua walilokutana, na kiliwafungulia vyuo vya nchi nyingi. Lakini tutazame walichokikataa. Walikataa kuangushwa hesabu na Kiafrikaans, lugha ambayo hata walimu wao wengi hawakuimudu. Walikataa kibaba. Na ua la kukutania, mtoto wa Nyandira na mtoto wa Kilwa na mtoto wa Wete wanalo tayari, tena si la kuazima.

Uzito mkubwa zaidi uko kwa mzazi. Mkulima wa Mgeta anayeuza njegere na kabichi ili amlipie mwanawe ada katika skuli ya Kiingereza si mjinga, na sipendi wasomi wa mjini wanapomwita mtumwa wa fikra huku watoto wao wamekaa katika skuli hizohizo. Anaona usaili wa kazi unavyofanywa. Anaona nani hupita. Anachokitaka ni Kiingereza, na ana haki nacho. Ugomvi wangu ni kuwa hakipati. Anauziwa jiografia iliyofungwa ndani ya Kiingereza, na mwanawe hutoka bila hiki na bila ile. Lau angepewa Kiingereza chenyewe, kikafundishwa na mwalimu anayekisema vizuri, kikapimwa kwa sikio na kwa jicho kama anavyopimwa yule mtoto wa Kichina, na jiografia ikabaki katika lugha anayoiotea ndoto, nadhani angekubali kesho asubuhi. Hilo linahitaji walimu, vinasa sauti na umeme, na paa lisilopiga kelele. Ni gharama. Tumechagua gharama nyengine, ambayo hulipwa na mtoto peke yake.

Kuna jambo jengine, nalo linanikera kwa kuwa linatugusa wapenzi wa lugha hii. Mtoto wa mlimani, hasa wa zama za babu zake, alikutana na Kiswahili skuli kama mgeni pia. Kiluguru na Kiswahili ni ndugu, na siku hizi watoto wengi wa Uluguru hukua na zote mbili. Lakini majina ya mbegu, ya aina za udongo na ya ukungu wa asubuhi, bibi yake anayo kwa Kiluguru, na skuli haikuwahi kumuuliza. Tusiende mbali: kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikisimika Kiunguja kuwa sanifu, na tangu hapo mtoto wa Makunduchi au wa Micheweni amepigiwa mstari mwekundu kwa maneno ya mama yake. Aliyepima mstari huo alisema anapima Kiswahili. Ninapodai Kiswahili kiwe kibaba cha elimu nchi nzima, bibi wa Nyandira anaweza kuniuliza kwa nini kitako changu ni halali na cha Mwingereza si halali. Ninaweza kumjibu kuwa changu ni kifupi zaidi, mjukuu wake anakiruka kwa hatua moja. Sidhani kuwa atatosheka, wala sidhani kuwa anapaswa kutosheka.

Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, matokeo yake yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ikashtuka, Waziri Mkuu akaunda tume, na mwezi wa Mei matokeo yakafutwa ili yapangwe upya. Mengi yalisemwa kuhusu maabara, madawati na mishahara, na yote yalikuwa kweli. Lakini mimi nilikuwa nikiikumbuka habari ya mwaka mmoja kabla, iliyotoka magazetini na watu wakaicheka. Wasahihishaji walikuta ndani ya vijitabu vya majibu matusi, michoro, na mistari ya nyimbo za Bongo Fleva. Wenye matusi walifutiwa matokeo, na gumzo likawa juu ya maadili ya vijana. Ya nyimbo hayakujadiliwa sana. Mtoto amekaa saa tatu mbele ya swali lisilomsemesha, kalamu mkononi, karatasi nyeupe inamtazama. Na anaona haya kuirudisha tupu. Anaandika kilichomo kichwani mwake, kwa lugha yake, na kilichomo ni mashairi, yenye vina, aliyoyapata kwa sikio bila kufundishwa na mtu, na ameyahifadhi bila kukosa neno. Msahihishaji anageuza ukurasa. Hana mahali pa kuiandika alama hiyo.